Juu ya Chakula Bora: Khabari za Ufipa na Kusoma Lebo

Ndugu Wanachama,

Wengi wetu hudhani kwamba nyumba yenye chakula tele ndiyo yenye watoto wenye afya. Khabari za wenzetu wa Ufipa zaonyesha kwamba sivyo.

Mji wa Sumbawanga, katika mkoa wa Rukwa, uko juu ya uwanda wa Ufipa, nchi ya baridi yenye mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Tangu zamani Rukwa ilitajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa inayolisha nchi. Hata hivyo, watoto wa chini ya miaka mitano walipopimwa mwaka 2015 na 2016, huko Rukwa 56 katika kila 100 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao. Katika uchunguzi wa 2022 walikuwa kama 50, na hali nchi nzima ni 30. Iringa, ghala jingine, walikuwa 57.

Sababu ni nyingi. Yako maradhi ya kuhara, na iko kazi ya shamba inayomchukua mama kutwa nzima. Lakini inayotupasa sisi kuifahamu khasa ni ya sahani: ugali leo, ugali kesho. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe nyeupe, ganda na kiini huondoka na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Maharage, ambayo yangemjenga mtoto, hutiwa guniani yakauzwa. Na mtoto aliyekosa chakula bora tangu mimba mpaka miaka miwili, yaani siku kama 1,000, ni taabu sana kumrudishia baadaye alichokikosa.

Sisi twauza karafuu, na fedha yake hununua mchele na unga dukani. Tumbo hushiba vile vile, na pengo ni lile lile.

Mwongozo wa ulaji uliotolewa kwa Tanzania Bara mwaka 2023 wavigawa vyakula makundi sita, na yote tunayo hapa. La kwanza ni nafaka, muhogo, majimbi na ndizi za kupika. Hili halitaki kuhimizwa. Kisha kunde, choroko na karanga; kisha samaki, mayai, maziwa na nyama; kisha mboga, kama kisamvu, matembele na mchicha; kisha matunda; na mwisho mafuta kidogo. Wali mweupe na chai ya sukari, hata vikijaa sinia, ni kundi moja tu na utamu wake. Tia dagaa na matembele, umeongeza makundi mawili kwa gharama ndogo.

Sasa lebo, kile kibandiko cha maelezo juu ya pakti. Mwanachama anayeisimamia mizani ya karafuu zake hashindwi na gramu hizi. Vitu vilivyotiwa huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi mbele. Biskuti ambayo sukari imetajwa ya pili, ujue ni peremende. Katika unga na mafuta, tazama kama imeandikwa kuwa vimeongezwa vitamini na madini. Katika chumvi, tafuta madini joto.

Angalia pia kama hesabu ni ya gramu 100 au ya pakti nzima, maana hapo ndipo wengi hupotea. Soda ikiandikwa sukari gramu 10 kwa mililita 100, chupa ya mililita 350 ina gramu 35, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na 25 ni bora zaidi. Ikiandikwa sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi; kwa siku nzima isifike gramu 5, nayo ni kama kijiko kimoja cha chai.

Maandishi ya lebo ni madogo, na mengine ni ya Kiingereza. Asiyeyaona vizuri ampe mtoto wa skuli amsomee pale pale dukani, kabla ya kulipa.

Katibu