Mpira wa Breki Uliochakaa Usingoje Mteremko



Barabara ya kutoka Musanze kuja Rubavu hupanda mpaka kimo cha zaidi ya mita 2,000, kisha huteremka hadi Ziwa Kivu, lililo kwenye kimo cha mita 1,460 hivi. Pikapu kuukuu yenye mzigo wa chai au kreti za bia haina budi kuwa na breki nzima.

Mpira wa breki hupitisha mafuta yanayopeleka nguvu ya mguu wako hadi gurudumuni. Ukizeeka hufanya nyufa, huvimba au huvuja. Pengine kwa nje huonekana mzima, kumbe ndani umeziba: ukikanyaga mafuta hupita, ukiachia hayarudi, na gurudumu hushika moto. Basi fanya hivi:

1. Egesha mahali tambarare, zuia magurudumu, inua kwa jeki, kisha weka stendi. Usiitegemee jeki peke yake.

2. Usipulize vumbi la breki. Breki za zamani zaweza kuwa na asbesto, nayo hudhuru mapafu. Pangusa kwa kitambaa chenye maji.

3. Shika ncha ya mpira kwa spana moja, na kwa ya pili legeza nati ya mrija wa chuma, ili mrija usipinde.

4. Funga mpira mpya wa urefu uleule, pamoja na washa mpya za shaba kama zipo. Usiusokote. Zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho. Mpira usiguse tairi.

5. Jaza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Mwenzako akanyage pedali na kuishikilia. Fungua skrubu ya kutolea hewa, uifunge kabla hajaachia. Rudieni mpaka mapovu yaishe, na kikopo kisikauke.

6. Kanyaga kwa nguvu, kagua kama panavuja, kisha jaribu uwanjani polepole bila mzigo.

Badilisha mipira ya kulia na kushoto pamoja.

Pedali ikizama, gari lisitoke, hata msimamizi akihimiza. Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inamtaka mwajiri kulinda usalama na afya kazini. Gari likiwa la kampuni, mpira ununuliwe na kampuni, si kwa mshahara wa dereva. Mwarifu mwakilishi wenu mapema, kwa maandishi. Mzigo ukichelewa hufika kesho; mtu akipotea harudi.