Dau la Mwendelezo au Dau la Kuendelea?

Mfasiri wa maandishi yahusuyo mchezo wa poka hana budi kukutana na dau liwekwalo mara tu karata tatu za kwanza zinapofunuliwa mezani. Tafsiri imjiayo mtu upesi ni "dau la kuendelea". Twaona haifai, na sababu yake imo katika mchezo wenyewe wala si katika kamusi.

Katika poka ya Texas, iliyoingia Las Vegas katika miaka ya 1960, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na duru ya kwanza ya madau huchezwa. Kisha karata tatu hufunuliwa kwa pamoja, nazo ni za wote. (Hizo twaziita "tatu za wazi", "flopu" halimwambii kitu asiyeujua mchezo.) Aliyepandisha dau katika duru ya kwanza amekwisha kudai kwamba ana karata nzuri. Akiweka dau tena baada ya tatu za wazi, huwa anaendeleza dai lile lile, hata kama karata hizo hazikumfaa. "Dau la kuendelea" lingekuwa fedha alipazo mtu ili asitoke mchezoni, yaani kufuata dau la mwenzake, jambo ambalo ni kinyume kabisa. Ndiyo maana twapendekeza "dau la mwendelezo".

Je, dau hilo huwekwa lini? Mwenye karata mbili zisizo jozi hupata jozi katika tatu za wazi takriban mara moja katika tatu. Basi mshindani akiwa mmoja, mara nyingi naye amekosa. Kitita kikiwa shilingi 100 na dau shilingi 50, yatosha mshindani atupe karata zake mara moja katika tatu, na mwenye dau hana hasara.

Lakini dai sharti liaminike. Zikifunuliwa mzungu wa nne (mfalme) wa shupaza, saba ya kopa na mbili ya uru, huaminika, kwani aliyepandisha dau ndiye atarajiwaye kuwa na mzungu wa nne au ree. Zikifunuliwa tisa na nane za kopa pamoja na saba ya pau, mambo hugeuka: aliyefuata tu aweza kuwa na jozi mbili au mfululizo, wala hatatishika. Hapo asiye na kitu yafaa apitishe zamu bila dau. Na washindani wakiwa watatu, kwa hesabu ya kukadiria, wote hukosa mara 8 tu katika 27.

Mwongozo usemao "usiweke dau la mwendelezo mbele ya washindani watatu" humkataza msomaji kudai asichonacho. Ukiandikwa "usiweke dau la kuendelea", humwambia atupe karata zake, hata akiwa na jozi ya ree. Naye atapoteza fedha kwa kosa la mfasiri.

Maoni ya wasomaji juu ya "tatu za wazi" twayangojea.