Vifaa vya kusaidia kuteleza barafuni

Vifaa vya kusaidia kuteleza barafuni ni vyombo ambavyo mtu anayejifunza kuteleza huvisukuma mbele yake, au huvikalia, ili asipoteze mizani akiwa juu ya barafu. Hutumika hasa kwenye viwanja vya barafu vya umma, ambako watoto na watu wazima wasio na uzoefu hukodi viatu na kuingia uwanjani pamoja na wale waliozoea. Vinapotumika vizuri hupunguza maanguko ya siku za kwanza. Vinapotumika vibaya huweza kusababisha ajali ambazo zisingetokea bila vyenyewe, kama kuanguka kifudifudi au kugongana na wengine.

Uwanja wa barafu na hali ya hewa

Uwanja wa barafu wa kisasa hauhitaji nchi ya baridi. Chini ya sakafu yake kuna mabomba yanayopitisha kimiminika kilichopozwa hadi chini ya nyuzijoto 0 za selsiasi. Maji humwagwa juu ya sakafu kidogo kidogo na kuganda kuwa tabaka la sentimita chache tu. Uwanja wa kwanza wa aina hiyo ulikuwa Glaciarium wa London, Uingereza, uliofunguliwa na John Gamgee mwaka 1876. Mashine ya kulainisha barafu iliyochakaa ilibuniwa na Frank Zamboni huko California, Marekani, mwaka 1949.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, baridi ya miezi ya Juni hadi Agosti huleta sakitu kwenye sehemu za juu, kwa mfano uwanda wa Kitulo wenye kimo cha takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Iringa uko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi. Sakitu ni fuwele nyembamba zinazoyeyuka jua likipanda. Si barafu inayoweza kubeba mtu. Kwa hiyo mkazi wa Iringa au Mbeya hukutana na mchezo huu akiwa safarini, na mara nyingi huanza akiwa mtu mzima. Umri huo una maana kwa usalama, kwa sababu mtu mzima huanguka kutoka juu zaidi na kwa uzito mkubwa zaidi kuliko mtoto.

Viwanja vinavyofikiwa na wasemaji wa Kiswahili

Uwanja wa kwanza wa barafu katika Afrika ya Mashariki ulifunguliwa mwaka 2005 mjini Nairobi, Kenya, kwenye jengo la hoteli ya Panari katika Barabara ya Mombasa. Eneo lake ni takriban mita za mraba 1,400. Uwanja kamili wa hoki ya barafuni wa kimataifa wenye mita 60 kwa 30 una eneo la mita za mraba 1,800 hivi. Nafasi ikiwa ndogo, wanaojifunza na wanaokwenda kasi hukaribiana zaidi, na nidhamu ya matumizi ya vifaa huwa muhimu zaidi. Timu ya hoki ya Kenya Ice Lions ilikulia katika uwanja huo, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni.

Katika nchi za Ghuba, ambako Watanzania na Wakenya wengi hufanya kazi au hupita, kuna viwanja kadhaa vya ndani. Kimojawapo kiko katika Dubai Mall, jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 2008. Wengine hukutana na barafu wakienda masomoni au ziarani Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Kwa mfano, Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania ina ushirikiano wa miaka mingi na sinodi ya Saint Paul katika jimbo la Minnesota, Marekani, unaojulikana kwa jina la Bega kwa Bega. Minnesota ni mojawapo ya majimbo ambako kuteleza barafuni ni mchezo wa kawaida wa watoto.

Aina za vifaa

Chombo cha zamani zaidi cha kujifunzia ni kiti cha kawaida. Nchini Uholanzi watoto wamekuwa wakijifunza kuteleza kwenye mifereji iliyoganda kwa kusukuma kiti cha jikoni. Vifaa vya leo vimetokana na wazo hilohilo:

- Fremu ya bomba za chuma au plastiki, inayofanana na fremu ya kutembelea wanayopewa wagonjwa hospitalini. Badala ya miguu ya mpira, ina mabapa mawili marefu yanayoteleza.
- Sanamu za plastiki zenye umbo la mnyama, hasa ngwini, zenye mishikio miwili. Hizi ni za watoto wadogo na hazibebi uzito wa mtu mzima.
- Vifaa vya kukalia, mara nyingi vyenye umbo la sili au pomboo. Mtoto hukaa na mtu mzima husukuma kutoka nyuma.
- Sleji na vifaa vya kuwekea kiti cha magurudumu, kwa watu wenye ulemavu.

Vifaa vya kujifunzia viatu vya magurudumu ni tofauti. Vina magurudumu, na havifai kuingizwa barafuni.

Jinsi kifaa kinavyofanya kazi

Kiatu cha barafu kina bapa moja jembamba la chuma chini ya soli. Bapa hilo huchongwa mfereji katikati ili liwe na makali mawili, moja kila upande. Mtu asiyezoea hushindwa kusimama kwa sababu vifundo vyake vya miguu huyumba, na kwa sababu barafu haimzuii mguu unapoanza kukimbia mbele au nyuma.

Kifaa cha kusaidia humwongezea mtu sehemu za kugusa barafu, hivyo humzuia asiyumbe kushoto na kulia. Kinaweza pia kubeba sehemu ya uzito unaokwenda chini. Lakini hakiwezi kuzuia msukumo unaokwenda mbele, maana chenyewe kiko juu ya barafu ileile. Mtu akikilalia, kifaa hukimbia mbele, miguu hubaki nyuma, na mwili huanguka kwa kidevu, meno au uso. Akikivuta kuelekea kifuani, miguu hupita chini yake na yeye huanguka chali, kisogo kikitangulia. Kwa sababu hiyo kifaa hutumiwa kama kitu cha kugusa ili kupata mizani. Hakitumiwi kama ukuta wa kuegemea.

Jambo la pili ni kwamba kifaa hakina breki. Uzito wake huongezwa kwenye mwendo, na mtu anayekisukuma kwa kasi huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kusimama.

Kabla ya kuingia barafuni

Viatu vinavyopwaya huharibu kazi yote ya kifaa. Kiatu cha barafu hubana kuliko kiatu cha kawaida. Kisigino hakipaswi kuinuka ndani yake. Kamba hufungwa kwa nguvu zaidi kwenye kifundo na kulegezwa kidogo kwenye vidole, kisha ncha zake huingizwa ndani zisiburutwe. Soksi moja nyembamba na ndefu hufaa kuliko soksi mbili nene, kwa kuwa soksi nene huruhusu mguu kucheza.

Glavu huvaliwa hata katika uwanja wa ndani wa nchi ya joto. Hukinga mikono isichubuke kwa barafu na vidole visikatwe na bapa la mtu mwingine mtu anapokuwa ameanguka. Skafu ndefu, mitandio yenye ncha zinazoning'inia na kanga iliyofungwa kiunoni huweza kunaswa na kifaa au bapa; huchomekwa au huvuliwa.

Kofia ngumu inapendekezwa kwa wote wanaojifunza, hasa watoto. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha kwamba miongoni mwa watoto wanaoumia, sehemu ya wanaoumia kichwa ni kubwa zaidi katika kuteleza barafuni kuliko katika viatu vya magurudumu. Kifaa cha kusukuma si badala ya kofia.

Kifaa chenyewe hukaguliwa: hakina ufa, mishikio haizunguki, na mabapa yake hayajapinda. Kimo kinachofaa ni pale mishikio inapofika kati ya kiuno na mbavu za chini za mtumiaji. Kikiwa kifupi humlazimisha kuinama. Kikiwa kirefu mabega hupanda na mikono hukakamaa.

Namna ya kutumia

Mtu husimama wima akiwa amekunja magoti kidogo, viwiko vikiwa vimelegea na macho yakitazama mbele, si miguuni. Miguu huwekwa kama herufi V, visigino vikikaribiana. Huanza kwa hatua fupi za mwendo wa bata, huku kifaa kikiwa karibu na mwili. Baada ya hatua kadhaa huacha miguu yote miwili iteleze sambamba kwa muda mfupi, kisha hurudia.

Kusimama hufunzwa mapema, kabla ya mwendo kuongezeka. Njia rahisi ni kukunja magoti na kusukuma visigino nje ili ncha za viatu zielekeane, huku makali ya ndani yakikwangua barafu. Asiyejua kusimama hapaswi kwenda kasi, hata akiwa na kifaa.

Viwanja vingi huwa na mwelekeo mmoja wa kuzunguka, mara nyingi kinyume cha saa. Mwenye kifaa hufuata mwelekeo huo akikaa karibu na ukingo, au hubaki katika sehemu iliyotengwa kwa wanaojifunza. Hakatizi katikati ya uwanja, na hasimami ghafla mbele ya wengine. Kifaa kisichotumika hurudishwa mahali pake. Kikiachwa barafuni huwa kikwazo, hasa kwa wanaoteleza kinyumenyume. Mashine ya kulainisha barafu inapokaribia kuingia, watu wote na vifaa vyote hutoka.

Makosa ya kawaida

- Kukalia au kupanda juu ya kifaa kilichotengenezwa kwa kusukumwa tu.
- Watoto wawili kutumia kifaa kimoja, au vifaa kufungwa pamoja kama mabehewa ya treni.
- Kushindana mbio na vifaa.
- Mtu mzima kutumia kifaa cha mtoto.
- Mzazi asiyejua kuteleza kumbeba mtoto mikononi akiwa barafuni. Mzazi akianguka, mtoto huangukiwa.
- Kuning'iniza mabegi kwenye mishikio, jambo linaloweza kupindua kifaa.

Kuanguka na kuinuka

Mtu anapohisi anaanguka huachia kifaa. Kukishikilia humvuta pamoja nacho na kuweza kumwangusha mwingine. Hukunja magoti, huinamisha kidevu kifuani na kuangukia paja au nyonga upande mmoja. Kunyoosha mikono ili kujizuia ni sababu kubwa ya kuvunjika kwa kifundo cha mkono. Akiwa chini hukunja vidole kuwa ngumi ili visikanyagwe.

Kuinuka huanza kwa kupiga magoti. Mguu mmoja huwekwa mbele, mikono yote miwili hushika goti hilo, na mwili huinuliwa taratibu. Kifaa hakitumiki kama ngazi ya kujivutia, kwa kuwa huteleza. Aliyegonga kichwa hutoka barafuni hata kama anajisikia vizuri. Kutapika, kusinzia, kuchanganyikiwa au maumivu ya kichwa yanayozidi ni dalili za kumpeleka hospitali mara moja.

Watu wenye ulemavu

Kwa baadhi ya watumiaji, kifaa si hatua ya kujifunza bali ni njia ya kudumu ya kushiriki. Viwanja vingi huruhusu kiti cha magurudumu kuingia barafuni kikisukumwa na mtu aliyevaa viatu vya barafu. Hoki ya kukaa kwenye sleji ilianzishwa Stockholm, Uswidi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na iliingia katika Michezo ya Paralimpiki ya majira ya baridi mwaka 1994 huko Lillehammer, Norwei. Watumiaji wa namna hii hawapaswi kuhimizwa "kuacha kifaa" kama wanaoanza wengine.

Barafu ya asili

Vifaa vya viwanjani havikutengenezwa kwa maziwa na mito iliyoganda. Nyufa na vijiti huweza kukwamisha mabapa yake ghafla. Hatari kubwa zaidi ni barafu kuvunjika. Mamlaka ya maliasili ya Minnesota hushauri unene wa angalau sentimita 10 za barafu mpya na safi kabla ya mtu kutembea juu yake, na huonya kwamba hakuna barafu ya ziwani iliyo salama kabisa. Mgeni kutoka nchi ya joto hawezi kukadiria unene huo kwa macho.

Mjadala

Baadhi ya walimu wa mchezo huu hawapendi vifaa vya kusukuma. Wanasema humzoesha mtu kuinama na kuegemea mbele, wakati kuteleza kunahitaji uzito uwe katikati ya mguu. Wengine huona kwamba bila kifaa watu wengi wangetoka uwanjani kwa hofu baada ya kuanguka mara ya kwanza. Njia ya kati ni kupunguza msaada hatua kwa hatua: kushika kwa mikono miwili, kisha kwa mmoja, kisha kwa vidole tu, na mwishoni kuteleza kutoka kwenye kifaa hadi kwenye ukingo ulio hatua chache mbele.