Je, Wajua? Miji Ambamo Sarakasi Ilikuwa Ikilala

Je, wajua kwamba mmoja wa tembo wa mwanzo kupata umaarufu Marekani alikuwa akisafirishwa usiku tu? Aliitwa Old Bet. Mwenye naye alikuwa Hachaliah Bailey, mkulima na mfanyabiashara wa ng'ombe wa Somers, mji mdogo katika jimbo la New York, aliyemnunua mwanzoni mwa miaka ya 1800. Bailey alikuwa mtu wa hesabu. Tembo akipita barabarani mchana, kijiji kizima kitamtazama bure. Basi alimtembeza gizani, akawahi kufika kabla jua halijachomoza, akamwingiza kwenye ghala la mtu na kufunga mlango. Aliyetaka kujua kuna nini humo ndani alitoa senti zake kwanza.

Mwaka 1816, huko Alfred katika jimbo la Maine, mtu alimpiga Old Bet risasi, akafa. Bailey hakumsahau. Katika miaka ya 1820 alijenga Somers hoteli ya matofali ya ghorofa tatu, akaiita Hoteli ya Tembo, na mbele yake akasimamisha nguzo ya mawe yenye sanamu ndogo ya tembo juu. Jengo lipo hadi leo, nalo ndilo lenye ofisi za serikali ya mji. Mkazi wa Somers mwenye shida ya halmashauri huingia Hoteli ya Tembo bila kushangaa lolote.

Jina la Bailey nalo lilisafiri kwa njia ya ajabu. Miaka mingi baadaye kijana yatima aitwaye James McGinnis alitoroka kwao akajiunga na sarakasi, akalelewa na Frederic Bailey, mtu wa ukoo huohuo, na akachukua jina lake. Ndiye James A. Bailey, mwenzake P. T. Barnum katika kampuni iliyojulikana dunia nzima kwa majina yao mawili.

Ujanja ule wa kutembea gizani haukufa na Old Bet. Reli zilipoenea, sarakasi kubwa zilihamia kwenye treni, nazo zilisafiri usiku vilevile. Wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe lilitangulia behewa la wabandika mabango. Walifunika kuta za maghala, maduka na mazizi kwa picha za simba na wasichana wanaoruka angani, na mwenye ukuta akalipwa kwa tiketi. Kisha kimya. Alfajiri ya siku iliyotajwa, watu walikuta uwanja uliokuwa mtupu jana umejaa kamba, farasi na harufu ya chai ya watu mia kadhaa. Asubuhi maandamano yalipita mtaa mkuu, mchana onyesho, jioni onyesho jingine, na kabla ya alfajiri iliyofuata hapakuwa na kitu isipokuwa majani yaliyokanyagwa. Kufikia miaka ya 1920 sarakasi ya Ringling Bros. and Barnum & Bailey ilisafiri na mabehewa yapatayo 100 na watu zaidi ya 1,000, na hema lake liliweza kuketisha zaidi ya watu 10,000. Barnum & Bailey walipozunguka Ulaya kati ya 1897 na 1902, maofisa wa jeshi la Ujerumani walikwenda kutazama, lakini si wanyama: walitaka kuona jinsi mabehewa yanavyopakiwa na kupakuliwa.

Hadithi na filamu hupenda kusimulia mji mdogo uliobadilika baada ya sarakasi ya ajabu kupita usiku mmoja. Mimi naona mabadiliko makubwa yalitokea kwingine. Hema la turubai halifai kitu theluji ikianguka, kwa hiyo kila mwaka, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, msafara wote ulihitaji mahali pa kulala: tembo, farasi, wapishi, mafundi, wachekeshaji na madeni yao. Mji uliowapokea ulipoteza ile siri iliyouzwa kwa wengine, kwa sababu uliwaona wakifua nguo. Badala yake ulipata kazi.

Je, wajua kwamba mji wa Delavan, jimbo la Wisconsin, ulilaza sarakasi 26 tofauti kati ya 1847 na 1894? Ndugu wawili, Edmund na Jeremiah Mabie, ndio waliofungua njia, wakivutiwa na malisho na maji ya kutosha farasi wao. Hata sarakasi kubwa ya kwanza yenye jina la Barnum, ile ya 1871, ilitokana na wafanyabiashara wawili wa Delavan, W. C. Coup na Dan Castello, waliomshawishi mzee huyo aingie biashara ya mahema akiwa amekwisha kutimiza miaka 60.

Lakini mji ulioivaa sarakasi mwilini ni Baraboo, katika jimbo hilohilo. Kulikuwa na fundi wa hatamu na matandiko ya farasi, mhamiaji kutoka Ujerumani, aliyeitwa August Rüngeling. Alikuwa na wavulana saba na msichana mmoja. Wana watano, ambao jina lao lilikuwa limekwisha kulainishwa kuwa Ringling, walifanya onyesho lao la kwanza la sarakasi hapo Baraboo tarehe 19 Mei 1884. Mkubwa wao, Al, alikuwa na mchezo wa kusimamisha jembe la kukokotwa na farasi juu ya kidevu chake, jambo lililowagusa wakulima kuliko simba yeyote, maana walijua uzito wake. Msimu huo walishirikiana na mzee mmoja wa sarakasi, Yankee Robinson, ili jina lake liwape heshima. Mwaka 1890 walipanda treni. Mwaka 1907 wakainunua kampuni ya Barnum & Bailey, mshindani aliyekuwa akiwaona washamba.

Katika miaka hiyo kando ya mto wa Baraboo palisimama mabanda ya tembo, mazizi, karakana na nyumba ya mazoezi. Binamu zao, akina Moeller, walikuwa mafundi wa mikokoteni, wakapata kazi ya kuunda magari ya maonyesho. Binamu wengine, akina Gollmar, walianzisha sarakasi yao wenyewe, hivi kwamba mji mmoja mdogo ukawa na sarakasi mbili za ukoo mmoja. Mkulima aliyezoea kuuza nyasi kavu kwa wenye ng'ombe alipata mteja ambaye tumbo lake lilikuwa jambo jingine kabisa. Al Ringling aliujengea mji jumba la maonyesho kwa kuiga lile la opera la kasri ya Versailles, likafunguliwa Novemba 1915. Alifariki tarehe 1 Januari 1916, wiki chache tu baadaye. Jumba bado linatumika.

Msimu wa 1918 ulipomalizika, treni haikurudi. Vita vilikuwa vimechukua wafanyakazi na reli zilikuwa na kazi nyingine; kampuni ikaenda kulala Bridgeport, Connecticut, mji ambao Barnum aliwahi kuwa meya wake. Baraboo ilibaki na mabanda matupu. Aliyekataa kuyaacha yaoze alikuwa John M. Kelley, mwanasheria aliyewafanyia kazi akina Ringling, na juhudi zake ndizo zilizozaa makumbusho ya Circus World, yaliyofunguliwa mwaka 1959 palepale kando ya mto. Leo yana mikokoteni ya sarakasi zaidi ya 200, mkusanyo mkubwa kuliko wowote duniani.

Je, wajua kwamba kuna miji ambayo sarakasi ilipita siku moja tu, na siku hiyo haikufutika? Tarehe 15 Septemba 1885, huko St. Thomas, Ontario, nchini Kanada, treni ya mizigo ilimgonga na kumuua Jumbo, tembo aliyekuwa maarufu kuliko wote. Alikuwa mwana wa Afrika: alikamatwa akiwa mdogo kabisa katika nyika za mpakani mwa Sudan na Uhabeshi, mwanzoni mwa miaka ya 1860, akapitia Paris hadi London. Barnum alipomnunua mwaka 1882 kwa dola 10,000, watoto wa Uingereza walimwandikia Malkia Victoria barua za kumsihi azuie safari. St. Thomas ilijenga sanamu yake yenye ukubwa wa tembo halisi mwaka 1985, miaka 100 baada ya ajali. Ngozi yake iliyojazwa ilikaa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, ambako wanafunzi waliingiza sarafu mkongani kuomba bahati ya mitihani, hadi moto wa mwaka 1975 ulipoiteketeza. Mfanyakazi mmoja alikusanya majivu katika chupa ya siagi ya karanga, na chuo kinaitunza chupa hiyo mpaka sasa.

Erwin, Tennessee, ina habari chungu zaidi. Tarehe 12 Septemba 1916, katika mji jirani wa Kingsport, tembo aitwaye Mary wa sarakasi ya Sparks alimuua mtunzaji aliyekuwa ameajiriwa siku chache tu kabla. Miji iliyofuata ikatishia kuufukuza msafara, na mwenye sarakasi akaamua kumuua Mary kuliko kupoteza msimu. Erwin ilichaguliwa kwa sababu moja tu: karakana ya reli ilikuwa na kreni ya kunyanyulia mabehewa. Siku iliyofuata, mbele ya umati uliokadiriwa kufikia watu 2,500, alinyongwa kwa mnyororo. Wa kwanza ulikatika. Wa pili ulishika. Watu wa Erwin hawakuuomba uamuzi huo, lakini kwa miaka 100 wakawa wanajulikana kwa hilo tu. Katika miaka ya karibuni wamekuwa wakiweka mitaani sanamu za tembo zilizopakwa rangi na wasanii, kisha kuzinadi na kupeleka fedha kwenye hifadhi ya tembo wastaafu huko Hohenwald, katika jimbo lao hilohilo. Naona ni jibu la heshima kuliko kunyamaza.

Je, wajua kwamba Peru iliyo Indiana ina sarakasi ya watoto wa mji? Mfuga farasi wa kukodisha, Ben Wallace, alianza maonyesho yake hapo mwaka 1884, mwaka uleule wa akina Ringling. Mafuriko ya Machi 1913 yalizamisha kituo chake cha majira ya baridi, wakafa tembo wanane na simba na chui milia wengi. Biashara hata hivyo iliendelea mikononi mwa wengine hadi Septemba 1929, John Ringling, mmoja wa wale ndugu watano wa Baraboo, alipoinunua kampuni yote ya Peru kwa fedha za kukopa, wiki chache kabla soko la hisa la New York halijaporomoka. Deni hilo lilimwandama hadi kaburini mwaka 1936. Alikuwa amekwisha kuhamishia kambi ya sarakasi Sarasota, Florida, tangu 1927, na aliiachia serikali ya jimbo kasri lake na makumbusho yaliyojaa michoro ya Rubens, huku benki akiwa na dola mia tatu na ushei.

Peru nayo, baada ya sarakasi kuondoka, ilibaki na wazee waliojua kazi na watoto wasio na la kufanya wakati wa likizo. Tangu 1960, kila Julai, vijana wa umri wa miaka 7 hadi 21 wanapanda bembea za angani na kutembea juu ya waya mbele ya wazazi wao. Wengi wa wakufunzi ni watu waliopitia humohumo.

Kwetu Afrika Mashariki njia imekuwa kinyume: tumepeleka watu. Tanzania ilituma vijana China katika miaka ya 1960 kujifunza sarakasi, nao wakarudi kufundisha wengine. Nairobi, shirika la Sarakasi Trust, lililoanzishwa 2001, linafundishia Ngara katika jumba la zamani la sinema la Shan. Vijana wa Kenya na Tanzania wanaopanda mabega kwa mabega hadi kuwa mnara wa watu wamefanya kazi katika sarakasi nyingi za Ulaya na Marekani, na pengine baadhi yao wamelala katika miji hii ninayoitaja.

Hema kubwa la Ringling lilikunjwa kwa mara ya mwisho Pittsburgh mwaka 1956, na maonyesho yakahamia ndani ya majumba ya michezo. Tembo walistaafishwa 2016, kampuni ikafunga 2017, ikarudi 2023 bila mnyama hata mmoja.

Na je, wajua kuhusu Gibsonton? Ni kitongoji cha kusini mwa Tampa, Florida. Katika miaka ya 1940 walihamia hapo mume na mke waliotoka kwenye mabanda ya maonyesho: Al Tomaini, aliyetangazwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili na nusu, na Jeanie, aliyezaliwa bila miguu, ambaye kimo chake hakikufika mita moja. Walifungua kambi ya wavuvi na mgahawa. Wenzao wakawafuata, watu waliochoka kutazamwa. Al akawa mkuu wa kikosi cha zimamoto. Posta ikawekewa kaunta ya chini kwa ajili ya wateja wafupi. Kanuni za mipango miji nazo zikatenga eneo maalumu la makazi ya watu wa maonyesho, ambamo mtu anaweza kuegesha bembea ya kuzunguka uani kwake au kufuga tembo, na jirani aliyehamia juzi hana pa kushtaki.