Tulivyojifunza kwa Madaktari wa Wanyama

 

Wengi wetu tukisikia neno elimu hufikiri kitabu, ubao na kalamu, basi. Hali Mwenyezi Mungu ameziita baadhi ya sura za Kitabu Chake kwa majina ya wanyama na wadudu: iko sura ya Ng'ombe, ya Wanyama wa Mifugo, ya Nyuki, ya Chungu, ya Buibui na ya Tembo. Mwenye akili hawezi kuzisoma sura hizo maisha yake yote kisha akaona kuwa habari za viumbe hao hazimhusu. Kwa hiyo ninataka kuwaeleza wasomaji ziara moja tuliyoifanya mimi na watu wa nyumbani kwangu, kwani tulirudi nayo faida ambayo si haki kuifungia sanduku.

Ilikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2023, sawa na mwezi wa Muharram 1445. Tulikuwa tumekwenda Morogoro kuwazuru jamaa zetu, safari ya reli ya zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Kigoma, kupitia Uvinza, Tabora na Dodoma. Siku hizo ni siku za Nane Nane, ambapo wakulima na wafugaji hukusanyika katika viwanja vya maonyesho, na milango huwa wazi kwa kila mtu. Miongoni mwa wanaoonyesha kazi zao pale ni Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilicho katika mji huohuo. Tukaona ni heri watoto wakaone kwa macho yao namna wataalamu wanavyomtazama mnyama.

Chuo hicho kilipata kuwa chuo kikuu chenye kujitegemea mwaka 1984, na kikapewa jina la Marehemu Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya motokaa mkoani Morogoro tarehe 12 Aprili mwaka huohuo. Lakini mafunzo ya udaktari wa wanyama yalianza pale tangu mwaka 1976, wakati mahali hapo palipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wala asidhani mtu kuwa kazi hiyo ni ngeni kwa Waislamu. Tabibu wa wanyama kwa Kiarabu huitwa baitari, na bingwa mkubwa wa dawa za miti wa Andalusia, aliyefariki Damascus mwaka 1248, ajulikana mpaka leo kwa jina la Ibn al-Baitar, yaani mwana wa tabibu wa wanyama.

Katika banda la madaktari tulipokewa na vijana wanafunzi, waume kwa wake, wenye makoti meupe. Walitusalimu kwa adabu, wakawaeleza watoto kwa subira. Waliwaonyesha ini la ng'ombe lililohifadhiwa katika chupa, limejaa mirija iliyokakamaa kwa minyoo, wakawafahamisha kwa nini nyama hukaguliwa kabla ya kuuzwa. Mke wangu akawaambia wanangu, "Mnaona? Kuchinja kwa jina la Mungu ni sharti, na usafi wa nyama nao ni amana." Tena tulisimuliwa habari za panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO, ambalo limefanya kazi pamoja na chuo hicho tangu mwaka 2000. Panya hao hunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na hunusa makohozi ili kutambua ugonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, aitwaye Magawa, alizaliwa Tanzania akapelekwa Kambodia, na huko aligundua mabomu ya ardhini 71 kabla hajafa mwaka 2022.

Hapo ndipo mwanangu mdogo alipouliza, "Baba, ikiwa panya ana faida kiasi hiki, mbwa je? Mbona sisi twamkimbia?" Swali hilo ndilo lililotuweka pale banda kwa muda mrefu kuliko mengine yote, na ndilo sababu ya makala haya.

Nilimjibu mwanangu kwa yale tuyafundishayo madrasa. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i mbwa ni najisi, na kilichoguswa na mate yake huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Lakini najisi si laana. Sura ya Pango imemtaja mbwa wa wale vijana waumini, amelala mlangoni amenyoosha miguu yake. Sura ya Meza imehalalisha mawindo ya mnyama aliyefundishwa. Sheria imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Na katika Hadithi zilizo sahihi tumepokea habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba mchanga kwa kiu, naye akasamehewa dhambi zake kwa ajili hiyo.

Mke wangu alinyamaza mpaka nilipomaliza, kisha akamgeukia binti mmoja katika wale wanafunzi akamwuliza, "Mwanangu, kule kwetu Ujiji palikuwa na kijana aliyeumwa na mbwa alfajiri, akiwa njiani kwenda kusoma. Alimficha mama yake. Aliona haya kusema kuwa amepatwa na najisi, tena alichelea kugombezwa kwa kanzu iliyoraruka, akasema ameanguka. Jeraha likapona. Baada ya wiki kadhaa akaanza homa, akaogopa hata kikombe cha maji, na hakuishi. Je, angalisema siku ile, angaliokoka?"

Binti yule alijibu kwa upole, "Mama, kama angalioshwa siku ileile na kupata sindano zote, kwa uwezo wa Mungu tumaini lingalikuwa kubwa sana. Jeraha likifichwa ndipo tumaini hupotea."

Ndugu msomaji, tafakari neno hilo. Mtoto yule alipatwa na mambo mawili, mbwa na haya. Mbwa alimjeruhi, lakini haya ndiyo iliyomzuilia dawa. Na haya hiyo haikutoka katika dini, kwa kuwa dini imeeleza wazi namna ya kuiondoa najisi, wala haikumwambia mtoto afiche maumivu yake. Imetoka katika makemeo yetu nyumbani na vibarazani, pale tunaposema, "Usinisogelee, umeguswa na mbwa!"

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa uletwao na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Vikiingia penye jeraha huanza safari ya polepole katika mishipa ya fahamu kuelekea ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua miezi miwili au mitatu. Pengine wiki moja, pengine mwaka. Muda huo ni rehema ya Mwenyezi Mungu, maana ndio nafasi ya matibabu. Dalili zikishadhihiri, karibu hapana apataye kupona. Mwaka 2002 watafiti walikisia kwamba watu wapatao 1,500 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka katika Tanzania. Na Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Nao ndio hao tuwapelekao madrasa asubuhi na jioni.

Dawa ya kinga si jambo la jana. Tarehe 6 Julai 1885 huko Paris, mtaalamu Louis Pasteur aliletewa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mama yake hakuficha. Alisafiri naye kutoka Alsace kwenda kutafuta msaada. Mtoto alipigwa sindano za chanjo siku baada ya siku, akaokoka, akawa mtu mzima. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa. Basi ikiwa dawa hii ipo kwa zaidi ya miaka 130, ni huzuni iliyoje mtoto kufa kwa kuona haya!

Na asiseme mtu kwamba kushughulika na chanjo za mbwa si kazi ya Waislamu. Tutazame kisiwa cha Pemba, ambacho karibu watu wake wote ni Waislamu. Huko mbwa walichanjwa kila mwaka kisiwa kizima, na wagonjwa wakapungua hata ugonjwa ukatoweka mwezi wa Mei 2014. Kisha chanjo zikalegea, na mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena. Watu wakarudia kuchanja mbwa kisiwa kizima, nao ukaondolewa mara ya pili Oktoba 2018. Pemba imetuonyesha mambo mawili: kwamba adui huyu hushindwa, na kwamba mlinzi akisinzia hurejea. Wataalamu husema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Sisi watu wa mwambao wa Tanganyika tunaishi na mbwa, tukipenda tusipende. Penye dagaa waliotandazwa mchangani pana mbwa. Penye kambi ya wavuvi na penye zizi la mbuzi, vivyo hivyo. Hivyo nawausia ndugu zangu mambo haya, ambayo tuliyasikia pale bandani na ambayo ndiyo mafundisho ya madaktari kila mahali.

Kwanza, mtoto afundishwe kusema. Aambiwe na babaye, na mamaye, na mwalimu wake: ukiumwa, ukiparuzwa au ukilambwa penye kidonda na mbwa, paka au mnyama mwingine, sema saa ileile, hutagombezwa. Kanzu hushonwa.

Pili, jeraha lioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayomiminika, kwa muda wa dakika 15. Lisipakwe mafuta ya taa, wala pilipili, wala majani. Hapa pana jambo ambalo huwatatiza wengi. Mtu aweza kudhani kuwa ni lazima asugue udongo katika jeraha kwa sababu ya najisi. La. Sheria yetu haikuja kumdhuru mtu, na udongo katika jeraha bichi ni madhara. Kanzu ioshwe mara saba kwa maji na udongo. Jeraha lisafishwe kwa sabuni, na wapo wanazuoni waliokubali sabuni mahali pa udongo. Mengine aulizwe shekhe baada ya mgonjwa kutibiwa, si kabla.

Tatu, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na sindano zote zimalizwe kwa siku zitakazotajwa, hata kama jeraha limekauka. Walio katika vijiji vya mbali vya ziwani wasingojee mpaka Ijumaa au mpaka gulio. Chombo cha kwanza kinachoondoka ndicho chao. Ikiwa ni Ramadhani asiahirishe, kwa kuwa wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema sindano isiyo ya chakula haifunguzi.

Nne, mbwa aliyeuma akijulikana na akiweza kufungwa bila hatari, afungwe na atazamwe kwa siku 10, na bwana mifugo apewe habari. Lakini matibabu ya mtu yasingojee siku hizo kumi.

Tano, mwenye mbwa wa kulinda mbuzi au shamba amchanje kila mwaka. Akichelea najisi, amfunge kamba ndefu na ajiepushe na mate. Mbwa mkavu akigusa nguo kavu hapana kitu. Na bwana mifugo atangazapo siku ya chanjo mtaani, tangazo hilo lisomwe na misikitini pia. Kuwakinga majirani na madhara ni katika haki ya jirani.

Kwa vijana nina neno moja. Binti yule aliyemjibu mke wangu hakuwa na umri mkubwa, naye kwa maneno machache alitufaa sisi wazee. Someni sayansi pamoja na Qurani yenu. Umma unaochinja, unaofuga na unaovua unahitaji mabaitari wake wenyewe, wajuao hukumu ya najisi na wajuao pia dawa ya jeraha. Na nyinyi wazazi, zikija siku za maonyesho, au chuo chochote kikifungua milango yake kwa watu, wachukueni watoto muwapeleke, na waacheni waulize.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu kijana yule wa Ujiji, ampe mamaye subira na malipo mema, na azifanye nyumba zetu kuwa nyumba ambazo mtoto aliyeumia hukimbilia, asizikimbie. Amin. Wabillahi tawfiq.