Nyumba ya Futi 10 kwa 10

Ukunda, katika kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanakopanga wafanyakazi wengi wa hoteli za Diani, mtu akisema anatafuta nyumba mara nyingi anataka chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 ndani ya ploti, choo akitumia pamoja na wapangaji wenzake. Akishahamia hufunga pazia katikati. Tangu hapo, upande wa viti na runinga ni sebuleni, upande wa kitanda ni chumbani. Mgeni ataona pindo la neti likitokeza chini ya pazia na hatathubutu kulifunua. Shemeji akija kutoka Msambweni atalala sebuleni, kwenye godoro linalokunjwa alfajiri. Kinachofanya mahali pawe chumba ni ruhusa ya kuingia, zaidi ya ukuta.

Vijijini ndivyo ilivyo tangu zamani. Baraza ni ya kila apitaye, uani ni kwa wenyewe. Jirani wa kike akiambiwa "mama yuko uani" hupita moja kwa moja, maana mama anapika. Mgeni wa kiume akisema kwa sauti ya chini "naomba niende uani", kijana wa nyumbani hutangulia na kopo la maji. Neno ndani nalo hutegemea mahali. Harusini, bibi harusi yuko ndani na watu wanapiga vigelegele. Mzazi akiambiwa kituo cha polisi kwamba mwanawe yuko ndani, huanza kutafuta dhamana.

Si Kiswahili tu: Waholanzi nao wana kamer, yaani chumba, lakini Tweede Kamer ni baraza la wabunge wao, na mwanafunzi anayeishi op kamers ni aliyetoka kwa wazazi akapanga. Kamusi pekee haimfikishi mtu kwenye maana hizo.

Haya yana uzito zaidi karani wa sensa anapobisha hodi na dodoso. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, huhesabu nyumba kuwa imesongamana ikiwa chumba kimoja kinatumiwa na zaidi ya watu watatu. Tuseme nyuma ya pazia lile la Ukunda wanaishi watu watano. Mama akiulizwa ana vyumba vingapi atajibu viwili, na hasemi uongo. Watano kwa viwili ni wawili na nusu: msongamano umefutika kwenye karatasi, na familia ile haitaonekana tena pale serikali inapopanga makazi, maji au kinga ya kifua kikuu. Neno nyumba nalo lina mtego wake. Mzee mwenye wake wawili anaweza kujibu nyumba mbili, hata wote wakiwa chini ya paa moja.

Kwa hiyo karani wa Kwale aanze na watu: "Mama, usiku nani hulala wapi?" Kisha aulize kilichowatenganisha ni ukuta au pazia, na majibu yote mawili yawe na nafasi yake kwenye dodoso.