Upatanisho wa Ngeli katika Violezo vya Barua Pepe

Kiolezo ni sentensi yenye mapengo ambayo kompyuta huyajaza kabla ya kupeleka barua. Katika lugha ya programu iitwayo Python, toleo la 2.4 la mwaka 2004 lilileta namna nyepesi ya kuyaonyesha mapengo hayo: alama ya dola ikifuatwa na jina, kama vile $idadi. Namna iliyotangulia ilidai herufi ya ziada baada ya mabano, nayo ilisahaulika kwa urahisi. Hata hivyo, namna zote mbili huchukulia kwamba neno laweza kuingizwa katika sentensi bila ya kuyagusa maneno jirani. Dhana hiyo haiafikiani na Kiswahili.

Ichukuliwe kwa mfano barua ya mwuza mbegu wa Kitale kwa mwenye duka la pembejeo mjini Bungoma: “$bidhaa $idadi imetumwa.” Mifuko 3 imetumwa, ni sawa, lakini magunia 3 yametumwa, chupa 3 zimetumwa, na mfuko 1 umetumwa. Tarakimu yenyewe haina taabu, kwa kuwa msomaji ndiye aitamkaye mitatu, matatu au tatu. Taabu imo katika kiambishi cha kitenzi.

Yaweza kudaiwa kwamba katika mazungumzo ya magharibi ya Kenya “magunia tatu imetumwa” husikika kila siku. Ni kweli, lakini asemaye hivyo hatarajii kuyasoma hayo katika barua ya biashara, na penye ulaghai mwingi wa simu na barua pepe, sarufi iliyovurugika humtia mteja shaka juu ya mzigo alioulipia.

Dawa si kuifundisha programu ngeli zote. Yatosha kuiacha kauli ya kutendwa, ambayo aghalabu ni mazoea ya Kiingereza cha ofisini, na kuandika “Tumetuma $bidhaa $idadi.” Kiima sasa ni mtumaji, na kitenzi hakibadiliki. Hubaki umoja na wingi wa nomino tu, yaani violezo viwili.

Katika salamu Kiswahili humpunguzia mtunzi kazi, kwani “Mpendwa $jina” haiulizi jinsia. Anayetaka kuongeza Bwana au Bibi kwa kutazama majina ya Kibukusu, Wafula na Nafula, Wekesa na Nekesa, atapotoka mara tu atakapokutana na binti atumiaye jina la baba yake.

Jina likikosekana, amri ya substitute husimamisha kazi, ilhali safe_substitute huliacha “$jina” lilivyo, likamfikia mteja. Kwa barua za watu, ya kwanza ndiyo ifaayo.